Desturi Yenye Miguu Minne

Kila asubuhi saa kumi na mbili kamili, kabla ukungu wa Butembo haujaamua kama utaondoka au utabaki, Mzee Kahongya alikuwa ameshaketi sebuleni, koti la suti mwilini, simu mkononi, akingoja kipindi cha redio cha kupiga simu. Alikuwa karani mstaafu wa état civil. Miaka thelathini aliandika vizazi na vifo vya watu, na sasa alitaka kuwafundisha namna ya kuishi kati ya hivyo viwili.

Mtangazaji, Madame Myriam, alikuwa amewagawa wasikilizaji wake makundi mawili, conservateurs wa desturi na progressistes wa maendeleo, na swali lake lilikuwa lile lile: mawazo ya kuongoza nchi tuyachote wapi, kwa mababu au kwa mambo mapya? Kahongya alichota kwa mababu, tena kwa ndoo. Mpinzani wake mkuu alikuwa Papa Gustave wa Mavivi, kule Beni, muuguzi mstaafu aliyeamini kwamba jambo lolote lililozidi miaka ishirini lipimwe damu.

"Mwanamuke kuwa chef de quartier, mukubwa wa mutaa?" Kahongya angeuliza. "Babu yangu hakuonaka ile!"

"Babu yako hakuonaka hata ile simu uko unapiga nayo," Gustave angejibu toka Beni.

Mji ulicheka. Kavuo, mke wa Kahongya, hakucheka. Yeye alikuwa na maelezo yake kuhusu siasa ya mumewe: anaipenda desturi kwa sababu ndani ya desturi kuna kiti, na kiti hicho ni chake.

Basi Jumapili moja binti yao wa pekee, Florentine, mwenye miaka thelathini na miwili, aliyewakataa wachumba mpaka shangazi zake wakachoka kuuliza, alimleta nyumbani kijana aitwaye Grady. Kahongya alimpenda papo hapo. Kijana alisalimia kwa mikono miwili, akakaa baada ya kuambiwa akae. Ndipo mzee akauliza baba yake ni nani.

"Ni Papa Gustave wa Mavivi," Grady akasema polepole. "Ule mwenye kupigaka simu kwa radio."

Kavuo alikimbilia jikoni, akacheka huko mpaka akashika ukuta.

Siku ya kusema mahari, Gustave alifika na ndugu wanne. Kahongya alikuwa amefikiri sana. Mwaka uliopita alikuwa ameumwagia uwanja wake sementi, na pembeni kulikuwa na waridi za Kavuo. Mbuzi wangekaa wapi? Akakohoa.

"Desturi inaomba mbuzi kumi na mbili. Mais, batu ba leo tunaweza weka tu feza mu enveloppe. Wakati imebadirika."

Gustave akatabasamu. Kule Kipese, kijijini kwao, alikuwa na mbuzi mpaka hajui pa kuwapeleka.

"Hapana, Papa Kahongya. Mbuzi ni ya miguu. Wewe mwenyewe njo ulisemaka kwa radio: mwenye kuweka desturi mu enveloppe, kesho atauzisha kaburi ya babu yake."

"Na wewe ulisemaka desturi ni kama pansement ya kidonda, ikikauka banaitosha!"

"Ile ilikuwa kwa radio."

Hapo mambo yakageuka. Conservateur akatetea maendeleo kwa jasho, progressiste akaapa kwa mababu, kila mmoja akimpiga mwenzake kwa fimbo yake mwenyewe. Wanasiasa hubadili upande baada ya kula. Hawa walibadili kabla chakula hakijaiva. Mdomo huponza kichwa, na hapa vichwa vilikuwa viwili. Saa tisa ikafika, hakuna aliyelegea. Gustave akachukua kofia yake, maana ilimpasa kufika Beni kabla ya giza.

"Donc, tutazungumuza tena mwaka kesho."

Florentine alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Hakulia. Aliiweka sinia chini.

"Papa," alisema, "hapa hapana radio. Batu habako banasikiliza. Ni mimi tu."

Kahongya akamtazama. Katika maelfu ya watoto aliowaandika kwenye daftari la serikali, huyu peke yake alimwandika mara mbili, kwa kuwa furaha ilimfanya aharibu ukurasa wa kwanza. Aibu ikamshika, aibu ya kweli, ile ya kuchoma masikio.

"Kaa, Gustave," alisema. "Leta mbuzi zako."

Wakaja Jumamosi juu ya lori la kukodi, kumi na wawili, wakilia njia nzima toka Kipese. Watu walitoka madukani kutazama. "Mzee wa desturi! Hakudanganya!" Kahongya akainua mkono kwa unyenyekevu, Mungu amsamehe. Kufikia saa sita waridi hazikuwepo. Kufikia saa tisa kola ya koti la suti ilikuwa imeliwa. Kavuo akayatazama matuta yake ya maua, akaingia ndani, akatoka na ufagio, akamtia mumewe mkononi.

"Desturi ni yako," alisema. "Na mavi yake ni yako."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi simu ya Kahongya ililia. Ilimkuta uwanjani, buti za mpira miguuni, ndoo pembeni. Alikuwa Madame Myriam.

"Mzee, batu banakungoja! Ile mawazo ya kuongoza inchi, itoke wapi?"

Kahongya akawatafuta mababu kichwani mwake. Aliwaona wote wameketi. Hakumwona hata mmoja mwenye ufagio.

"Madame, leo mi sijue," alisema. "Acha nimalize kufagia kwanza."

Akakata simu, akainama tena. Mara redio ya sebuleni ikapaza sauti aliyoijua vizuri sana. Alinyoosha shingo hadi dirishani. Kavuo alikuwa kwenye kile kiti, kikombe cha chai gotini, simu yake sikioni.

"Allô? Huku ni Mama Kavuo wa Butembo. Kwa ile mambo ya mwanamuke kuwa chef de quartier… sasa niko na wakati."