Mikono Mifukoni

Binti yangu aliponiambia amejiunga na timu ya skii ya chuo chao, nilimwuliza theluji ataitoa wapi. London hii, theluji ikianguka ya kufunika kibaraza tu, treni zinasimama na watu wazima wanatoka nje kupiga picha. Akanieleza kwamba wanatumia skii za magurudumu, vibao virefu vya kufunga miguuni, barabarani. Yaani wamekosa theluji, wakaamua kuteleza kwenye lami, ambako ukianguka hakuna cha kukupokea ila lami yenyewe.

Mimi nimezaliwa Voi. Kwetu mtu hupanda kilima kwa sababu kuna kitu anakifuata huko juu. Kupanda, kushuka, kisha kupanda kilekile tena, na mikononi una fimbo mbili kama mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali jana, hilo sikulielewa na sijalielewa mpaka leo. Lakini mtoto ni wangu, na ninaye huyo mmoja tu. Kwa hiyo wikendi ya mbio ilipofika nilibadilishana zamu na mwenzangu kazini, ambako natunza wazee majumbani mwao, nikapika chapati, nikamchukua jirani yangu Mkongo wa ghorofa ya chini, tukapanda treni pale Woolwich mpaka kwenye uwanja wa waendesha baiskeli. Jumamosi kila mtu angeshindana kivyake. Jumapili zingekuwa mbio za kupokezana, watatu kila timu.

Jumamosi ilianza vizuri. Kocha alikula chapati zangu kabla sijamkaribisha, nikampenda. Tukachagua mahali karibu na uzio, penye kona chini ya kilima, ili tuone vizuri. Tukaona vizuri mno. Binti yangu aliteremka kwa kasi, gurudumu likanasa, akatua kwa makalio, fimbo huku, miguu kule.

Sasa niambieni ninyi mliolelewa kama mimi. Mtu akianguka mbele yako, unafanya nini? Kwetu hata adui yako akijikwaa sokoni unampa pole na kumwokotea nyanya zake. Huyu alikuwa mtoto wangu. Sikumbuki nilivyovuka ule uzio. Jirani yangu anasema niliuruka, na kwa kiuno changu hiki simwamini. Ninachokumbuka ni kwamba nilimshika makwapani, nikamsimamisha, nikamkung'uta vumbi, nikampuliza kiwiko, na nilikuwa namfuta uso kwa leso yangu filimbi ilipolia.

Mwamuzi alikuwa mzee mpole mwenye koti la manjano. Aliomba radhi mara nyingi kabla ya kumtoa binti yangu mashindanoni. Sheria ni sheria, akasema, mshindani hainuliwi na mtu. Nikamjibu kwamba Mungu anainua watu kila siku na hajapigiwa filimbi bado. Binti yangu alikuwa ameshafunika uso kwa mikono.

Ndani ya treni ya kurudi nyumbani jirani yangu alianza kukohoa bila kikohozi. Ndipo binti yangu akasema, "Mum, kesho please usikuje."

Liliniuma, sitaficha. Nilitazama dirishani, na kwa kuwa tulikuwa chini ya ardhi, nilijiona mwenyewe.

"Mama atakuya," jirani yangu akasema. "Mimi nitamushika mikono."

"Auntie, it's the relay! Akiniguza tena, team yote iko out." Kisha akanigeukia. "Na kazini you don't even lift people. Uliniambia."

Ni kweli. Kazini tumefundishwa kwamba mzee akianguka na hajaumia, humvuti. Utamwumiza, na mgongo wako utauumiza pia. Unashuka chini alipo, unamtazama usoni, unamwelekeza taratibu mpaka anyanyuke mwenyewe. Nafanya hivyo kwa wazazi wa watu wengine bila shida yoyote.

"Wale si watoto wangu," nikasema.

"Exactly, Mum."

Kufika nyumbani alikuwa amelegeza msimamo kidogo. Nije, lakini mikono ikae mifukoni tangu mwanzo wa mbio hadi mwisho.

Jumapili nilivaa koti langu lenye mifuko mirefu. Jirani yangu, ambaye huwa hafanyi jambo nusu, alikuja na pini za nepi akanibania mikono ya koti kwenye mifuko, kulia na kushoto. Akawa ananilisha chapati mdomoni kama bibi harusi anayelishwa keki. Kocha alipita, akatazama, akaamua kutouliza.

Binti yangu alikuwa wa mwisho katika timu yao. Alipoguswa bega na mwenzake walikuwa wa pili. Aliteremka kile kilima vizuri, nikaanza kupumua, na kwenye kona ileile akaanguka tena. Akajaribu kuinuka, magurudumu yakakimbia, akarudi chini. Msichana mmoja akampita, na mwingine. Pini moja ikachomoka.

Timu yao yote ilinitazama mimi, si yeye. Naye akanitazama. Nimeyajua macho hayo tangu siku aliyozaliwa, na niliona yana hofu, na hofu hiyo haikuwa ya lami. Mtoto wangu alikuwa ananiogopa mimi.

Nikachuchumaa palepale kwenye uzio, mikono mifukoni, uso wangu ukawa sawa na wake.

"Niangalie," nikasema. "Usiharakishe. Lala ubavu kwanza. Miguu yote upande mmoja. Haya, magoti. Shika fimbo. Mguu mmoja. Sasa wa pili."

Wazee wangu huwa nawaambia kwa Kiingereza. Siku hiyo kilitoka Kiswahili chenyewe, kwa sauti ile ile ya kazini, wala haikutetemeka. Mwamuzi alikuwa na filimbi mdomoni. Alinitazama, akaitoa.

"Ameamuka!" jirani yangu akapiga vigelegele binti yangu alipokwisha kusimama. "Ameamuka ye mwenyewe!"

Walimaliza wa nne, na wa nne hapewi kitu. Alipovuka mstari alijitupa chini chali, kama wanavyofanya wote, kifua kikipanda na kushuka. Nilimkimbilia, kisha nikasimama hatua mbili kabla ya kumfikia, kwa sababu sasa nilikuwa najua.

Akafungua jicho moja. Akainua kichwa, akahakikisha mstari uko nyuma ya miguu yake. Kisha akaninyooshea mkono.

"Sasa, Mum."

Pini ya pili ilikataa kufunguka. Nikavuta, mfuko ukachanika, nikamshika mkono, nikamwinua.