Hukumu ya Shufaa juu ya Amplifaya Mbili za Taa

Ukifika Mwanjelwa, mjini Mbeya, ukauliza ni nani anayetengeneza amplifaya za taa, hata muuza viazi atakuelekeza kwa Shufaa Bushiri. Ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mfupi, mtandio kaufungia nyuma usimsumbue kazini, wala hana haraka. Ufundi aliupata kwa baba yake, Mzee Bushiri, aliyefungua karakana ile enzi za redio zenye taa za kioo ndani, zile zilizochukua muda kupata moto kabla hazijatoa sauti. Redio hizo zilikwisha, lakini wapiga magitaa ya umeme hawakuziacha taa. Ukizisukuma kupita kiasi hukoroma na kuunguruma, na ngurumo hiyo ndiyo wanayoitaka.

Mzee Bushiri alikuwa na kauli yake: amplifaya ya zamani ina roho, ya siku hizi ina kelele. Shufaa aliirudia kwa wateja miaka ishirini na wala hakuwahi kuipima.

Mwezi wa Juni alipigiwa simu na Veneranda, mwimbaji na kiongozi wa bendi ya roki ya Iringa. Wapiga gitaa wake wawili walikuwa hawasalimiani. Mmoja ni Masanja, mtu wa miaka sitini, mtoto wa wafugaji waliotoka Usukuma wakahamia bonde la Usangu, karibu na Igawa. Yeye alikuwa na amplifaya ya miaka ya themanini, aliyoachiwa na mzungu mmoja wa mashamba ya chai. Wa pili ni Adrian, kijana wa Kilolo, aliyenunua mpya mwaka jana. Gari la bendi lilikuwa na nafasi ya seti moja tu, yaani amplifaya na boksi lake la spika nne, na kila mmoja alitaka yake ndiyo ipande. Zaidi ya hayo, ile ya Masanja ilikuwa imeanza kutoa moshi.

"Wamekubaliana jambo moja tu, dada," Veneranda alimwambia. "Utakalosema wewe ndilo tutakalofuata."

Shufaa alikubali papo hapo. Hukumu alikuwa nayo mdomoni tayari.

Amplifaya ya Masanja ililetwa kwa basi ikiwa imeviringishwa blanketi. Shufaa aliifungua, akatoa kwanza umeme uliojificha kwenye kapasita, vile vikopo vinavyotunza umeme, maana umeme huo huua hata waya ukiwa umechomolewa ukutani. Kapasita zenyewe zilikuwa zimekauka na kuvimba. Akazibadilisha zote, akaweka taa nne mpya za nguvu, akazipima mkondo mpaka zikalingana. Siku ya tatu aliiwasha, akapiga nyuzi mbili za gitaa la karakana, akatabasamu. Alijua anachokwenda kusema Iringa.

Alifika Iringa asubuhi, na amplifaya ya Masanja. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, Kihesa, na bendi nzima ilikuwepo. Masanja alimpokea kwa heshima, Adrian kwa mashaka. Kijana alisema wazi kwamba fundi aliyeirekebisha ya mzee hawezi kuwa mwamuzi wa haki. Shufaa hakukasirika. Alimwambia ana haki ya kusema hivyo, na kwa sababu hiyo hata yeye mwamuzi hataziona.

Wakatundika shuka mbele ya jukwaa kuzificha amplifaya, kila moja ikiwa kwenye boksi lake. Masanja angepiga gitaa lilelile, kipande kilekile, akiwa upande wa wasikilizaji. Jailos, mpiga ngoma, angebaki nyuma ya shuka kubadilisha nyaya. Shufaa alipima sauti kwa simu yake zilingane, maana kinachosikika kwa nguvu zaidi humhadaa mtu akakiona kizuri zaidi. Kisha akageukia ukuta pamoja na wenzake.

Masanja akapiga. Ya kwanza ilitoka kali, inayokwaruza masikio. Ya pili ilitoka nzito, ya mviringo, imeshiba. Wote wakachagua ya pili, na Jailos akasema ni ya mzee. Masanja akacheka kidogo.

"Ng'ombe hazeeki maini," alisema.

Hapo Shufaa angeweza kufunga kazi. Lakini kitu kilimkera. Ule ukali wa ya kwanza haukufanana na ukali wa taa. Aliusikia kama karatasi ngumu inayotikisika. Akapita nyuma ya shuka, akasoma maandishi ya maboksi: yote mawili omu nane, kile kipimo cha mzigo wa umeme, na amplifaya zote mbili zina tundu la omu nane, hivyo yangeweza kubadilishwa bila kuunguza kitu. Akamwambia Jailos azime kila kitu, abadilishe maboksi, asitamke neno.

Wakageukia ukuta tena. Safari hii ile nzito, iliyoshiba, ilitoka ya kwanza. Wote wakanyoosha mikono. Shufaa naye akanyoosha, na kwa sauti ya mtu mwenye hakika akasema hiyo ni ya zamani.

"Hapana," alisema Jailos. "Hiyo ni ya Adrian. Ila iko kwenye boksi la mzee."

Shufaa alifikiria wateja wote aliowahi kuwaambia wasinunue mpya. Kisha akageuka, akawatazama.

"Nimekosea," alisema. "Miaka ishirini nasema za zamani ndizo. Kumbe nilikuwa nasikia boksi."

Akawaeleza kwamba spika za Masanja zimepigwa karibu miaka arobaini mpaka karatasi za ndani zinazotikisika kutoa sauti zikalainika, na za Adrian bado ngumu.

Adrian alifurahi, lakini Shufaa hakumwachia ushindi. Akaziunganisha amplifaya kwenye boksi lile la zamani kwa zamu, sasa macho yote yakiona. Katika mapigo ya haraka ya kuziba nyuzi kwa kiganja, ya Adrian ilibana besi safi, haina mvumo. Ya Masanja ilichelewa kidogo, besi yake ikalegea. Kisha akamwomba Masanja apunguze sauti kwa kuzungusha kitufe cha gitaa lenyewe, kwa kidole cha mwisho kile kidogo tu. Ya zamani ikaacha kukoroma, ikaimba laini, karibu safi kabisa. Mpya ikapungua sauti, lakini ilibaki inakwaruza.

Hukumu yake ikawa fupi. Kinachojaza gari ni boksi. Amplifaya yenyewe ni ndogo kama sanduku la safari. Boksi la Adrian libaki Iringa, la Masanja lisafiri, na amplifaya zote mbili ziende. Nyimbo za kasi zipigwe nusu ya kwanza kwa ile mpya, za taratibu nusu ya pili kwa ile ya zamani, na asithubutu mtu kuwasha yoyote kabla ya kuiunganisha na boksi, maana itaungua.

Veneranda aliuliza kama wote wameridhika. Masanja alikuwa akipangusa vumbi kwenye amplifaya yake. Adrian ndiye aliyesogea.

"Mzee," alisema, "hicho kidole kidogo unakipelekaje huku unapiga?"

Masanja alimtazama, kisha akamkabidhi gitaa, akasimama nyuma yake na kumwekea kidole mahali pake. Shufaa aliwaacha hapo, akaanza kukusanya nyaya zake.