Sanduku la Padre Nililolizua Mwenyewe

Jamani, kosa ni langu, wala sitasema shetani alinipitia. Nililifanya mchana kweupe, tena nikicheka. Jina langu niachieni, maana huku kwetu juu ya Usa River wananisema vya kutosha.

Kazi yangu ni kutembeza wageni wanaokwenda Momela. Njiani kuna kanisa dogo la mawe, kigango cha zamani cha Wakatoliki, nami nilizoea kuwashusha pale kidogo na kuwapa historia yake.

Historia yenyewe ni hii. Kina mama wa Kimeru walibeba mawe kichwani kutoka mtoni. Bibi mzaa mama alishikwa na uchungu akiwa na jiwe lake, akamzaa mama yangu palepale njiani. Jiwe likajengewa pembeni mwa mlango, na waumini walikuwa hawaingii kabla ya kuligusa. Kisa kizuri hicho! Lakini wageni walikuwa wakipiga miayo.

Siku moja nikawa na vijana kutoka Dar. Mmoja akauliza, "Dada, hapa hamna mali ya Wajerumani?"

Ulimi hauna mfupa. Nikamwambia kwamba padre Mjerumani, alipokimbia vita, alizika sanduku chini ya altare, na kwamba atakayeligusa bila sala atapofuka. Simu zikanyanyuliwa, wakanirekodi. Nikajiona nimeupiga mwingi!

Wajerumani gani, jamani? Kanisa lile linajengwa, wao walishaondoka zamani! Hata mtoto wa shule angenikamata. Lakini video ikasambaa Arusha nzima, kuanzia Kaloleni mpaka huku kwetu, na hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Wakaja watu na mashine za kutafutia madini. Walichimba chini ya altare, wakachimba na mlangoni. Masika ilipojaza yale mashimo maji, ukuta wa mbele ukaanguka wote, na jiwe la bibi likafukiwa humo. Paroko akalifunga kanisa.

Sasa sikieni kinachoniuma. Baba ni Mlutheri, na ndoa yao haikuwahi kubarikiwa. Miaka yote hiyo mama hubaki amekaa wenzake wakienda kupokea komunyo. Juzijuzi tu, kabla ukuta haujaanguka, baada ya kiharusi kumlemaza mguu, baba ndiyo kwanza akakubali.

"Nitabarikiwa kwenye jiwe la mama yake," alisema. "Parokiani siendi, siendi kukaguliwa na watu."

Mama alikuwa ameshashona gauni!

Nikaanza kuhangaika kurekebisha. Jumapili moja, tukisali chini ya turubai, nilisimama mbele ya waumini wote nikasema nimedanganya, sanduku halipo na halikuwahi kuwepo. Sauti ikatoka nyuma: "Umeshalichukua, siyo?" Watu wakaangua kicheko.

Katekista, mtu mzima anayeheshimika, akanivuta pembeni. "Mwanangu, kama mmelihamisha, mtukumbuke na sisi tuinue ukuta."

Nilitamani kupiga kelele! Uongo waliuamini kwa mara moja, ukweli nauapia na hawautaki. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mbona haiishi?

Wiki iliyopita nilimpigia baba magoti, nikamwomba aende tu parokiani, kwa ajili ya mama. Nilimweleza yote tangu mwanzo, nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi.

Baba akaniinamia, akashusha sauti. "Nimekuelewa, binti yangu. Lakini mimi ni baba yako, tuambiane. Hilo sanduku lilikuwa upande gani wa altare?"

Mama alisikia. Alipita katikati yetu, akachukua rozari yake, akaenda kusali peke yake kwenye kifusi.

Baba yangu mzazi, jamani!

Ninyi mnaotembeza watu, na ninyi mnaopenda kunogesha habari ili mchekewe, nawasihi: historia ya mahali wanaposali wazazi wenu isimulieni kama ilivyo, hata wageni wakilala usingizi. Mimi kuzua lile sanduku kulinichukua dakika moja tu. Kulifuta sijui nianzie wapi, na mama anazeeka.