Embe za Mama Selvi

Embe mbichi tano, kipande cha sukari guru na jirani mmoja: ndiyo bei ya sherehe ile, na nimeihesabu mara mbili. Juzi hapa Walikale nilipita kwa muuza embe mbichi, na harufu ya embe hizo ikanirudisha Mubi, nilikokuwa mtoto.

Mama Selvi, mke wa Mtamili, Mhindi wa kusini, mwenye duka jirani na letu, alikuwa akipika kwa mwaka mpya wa kwao. Embe zilichemka pamoja na sukari guru, pilipili zikapasuka katika mafuta, mwishoni akanyunyiza maua makavu ya mwarobaini. Majirani aliowaalika walingoja mlangoni na sahani zao.

Kwetu, anayekupa chakula hukionja kwanza, ujue hakina sumu. Nilikuwa nimefundishwa vizuri.

"Mama, onja kwanza."

"Hapana, mutoto. Mungu njo anakulaka wa kwanza. Miye nitaonja nyuma."

Nikakimbilia mlangoni. "Musikule! Mwenyewe anakataa kuonja!"

"Karuho hiyo!" akasema mmoja wao, muuza mitumba. "Sumu ya maua! Twende, bamama!"

Waliondoka wote. Mama Selvi aliweka bakuli mbele ya picha ya Mungu wake, akasali, kisha akaketi.

"Sasa naonja," akaniambia, akala peke yake.

Duka lao halikupata tena wateja, wakahama. Nimepata namba yake ya simu. Ninyi mliowahi kuomba msamaha baada ya miaka mingi, mtu huanza na neno gani?