Sauti Iliyotaja Saa

Kuna wakati ambapo nyumba nyingi kati ya Meru mjini na Muthara ziliamshwa kila siku na Kiende, naye Kiende hakupata hata asante. Hilo nalisema mapema ili anayependa hadithi za watu waliotendewa haki akatafute kwingine.

Kiende alilelewa Muthara, kwenye kishamba cha maharagwe chenye ng'ombe mkorofi na mama mpole. Mamake, Ntinyari, alifiwa na mumewe mapema akabaki na watoto, na maneno machache aliyokuwa nayo aliyatumia asubuhi. Akishamaliza kukama, alisimama mlangoni mwa chumba cha watoto, mikono ikinuka maziwa, akasema, "Saa moja imefika. Wewe umefika wapi?" Hakufoka. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Majirani walisikia hayo kwa miaka mingi kupitia ua wa miti, hata yakawa ya kumtania. Akichelewa kanisani, wanawake wenzake walimpokea mlangoni wakicheka, "Mama Kiende, mahubiri yamefika. Wewe umefika wapi?"

Sauti ya pili ya nyumba ile ilikuwa ya Nelius, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi katika Redio Thingithu, kituo kidogo cha Kimeru kilichokuwa mjini. Kiende, wakati huo akiwa sekondari, alimpenda Nelius kama wasichana wengine walivyopenda waimbaji. Akienda mtoni alisoma taarifa ya habari kwa mitungi. Akilisha kuku aliwahoji. Jogoo alihojiwa kuhusu mapigano ya juzi naye akakataa kutoa maoni. Kwa hiyo alipomaliza shule, hakuna aliyeuliza atasomea nini. Kanisa lilimchangia karo, watu wakaleta walichokuwa nacho, kuku na magunia ya maharagwe, na mchungaji akasema siku moja tutawasha redio tumsikie mtoto wetu. Kiende akaenda chuo kusomea uanahabari, na muda wa mafunzo ya kazini ulipowadia, akapokelewa pale pale alipokuwa akipaota, Redio Thingithu.

Mwanagenzi wa redio, kama hujawahi kuwa mmoja, halipwi mshahara. Hulipwa kwa kuitwa mwanangu. Kiende alichemsha chai, akakunja nyaya, akashuka sokoni kuulizia bei ya viazi na ndizi, akapanda tena ngazi kuisoma bei hiyo kwa mtu mwingine aliyeitangaza. Hakulalamika hata kidogo. Nelius alikuwa akimwita mwanangu mbele ya wageni, akamfundisha kukaa mbali kidogo na maikrofoni, kutabasamu anaposoma hata kama hakuna anayemwona, na kunywa maji ya vuguvugu badala ya soda. Walifanana sauti kiasi kwamba mlinzi wa mlangoni aliwachanganya walipokuwa wakicheka pamoja kwenye ngazi. Nelius aliona jambo hilo zuri. Alisema, "Ukiendelea hivi, nitastaafu nikuachie kiti."

Wiki za mwisho za mafunzo yake, Nelius alimwita studioni. Kilikuwa chumba kidogo, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili kelele za barabarani zisiingie.

"Mwanangu, mimi nataka ubaki hapa," Nelius alisema. "Lakini hapa kwa redio hakuna mtu anaingianga na karatasi. Unaingia na sauti. Kaa hapo nikurekodi. Hiyo ndio intaviu yako. Nitampelekea Mbaabu mimi mwenyewe."

Mbaabu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kituo, mtu aliyejulikana zaidi kwa mlango wake uliofungwa.

"Nisome nini, madam?"

"Taja tu masaa. Saa moja, saa mbili, mpaka uzimalize zote. Halafu uweke kitu kidogo cha home, kitu watu watashika."

Kiende alifikiri. Kitu cha nyumbani chenye saa ndani yake kilikuwa kimoja tu, naye alikisikia kila siku ya maisha yake. Akasogea mbali kidogo na maikrofoni, akatabasamu, akasema, "Saa moja imefika. Wewe umefika wapi?"

Nelius alivua vidude vya masikioni. "Hiyo umetoa wapi?"

"Ni ya mamangu. Ndio anatuamsha nayo."

"Haki ya nani, mamako akisikia hii atalia," Nelius alisema. "Sema tena. Sema na zile saa zingine."

Akasema tena, saa zote, na jina la kituo mwishoni. Alitoka humo akihisi ameshaajiriwa. Mafunzo yalipoisha, Nelius alimkumbatia pale kwenye ngazi na kumwambia aende nyumbani apumzike, ataitwa.

Hakuwa amemaliza kupumzika. Asubuhi moja alikuwa akifagia uani alipomsikia mamake akipiga ukelele jikoni. Alikimbia akidhani ni moto. Ntinyari alikuwa amesimama mbele ya redio, sufuria mkononi, na kutoka ndani ya redio Kiende alikuwa akimuuliza mamake amefika wapi. Nelius alikuwa amesema kweli, mama alilia. Alilia akicheka, akaita majirani, na saa mbili ilipofika jiko lilikuwa limejaa watu waliokuja kusikia tena. Jumapili Ntinyari alipeleka kanisani ndizi na jogoo, akasimama mbele akashukuru kwa ajili ya mtoto wake aliyepata kazi redioni.

Kiende angeweza kusema ukweli siku hiyo. Hakusema, na msimlaumu haraka. Alijua hakika kwamba ataitwa. Mtu hawezi kuchukua sauti yako aiweke hewani mchana kutwa halafu amwache mwenye sauti nyumbani akifagia. Ndivyo alivyoamini, maana alikuwa mtu mzuri na alidhani wanaomwita mwanangu ni watu wazuri pia. Alipompigia Nelius simu, Nelius alisema, "Vumilia kidogo, mwanangu. Mbaabu bado anasikiliza ile rekodi yako."

Eneo zima la Tigania, Muthara ikiwemo, lilikuwa likiisikiliza. Bado Mbaabu tu.

Miezi ikapita hivyo. Watu wakamletea Kiende matangazo ya mazishi na ya mbuzi waliopotea ili ayapeleke kazini, na yeye akayapeleka mjini kwa nauli yake na kuyalipia kama mteja yeyote. Wakamuuliza mbona analala nyumbani kila siku. Akasema sauti hurekodiwa mara moja ikatosha, jambo ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa kweli. Baadaye Nelius aliacha kupokea simu yake.

Ndipo aliposikia kwamba kituo kimoja cha Embu kinatafuta mtangazaji. Aliomba, akaitwa, akasafiri kwenda huko akiwa amevaa gauni la kanisani. Aliyemhoji aliitwa Kithaka, mkuu wa vipindi, mzee kidogo, mtulivu, mwenye tabia ya kufumba macho anaposikiliza. Alimpa ukurasa asome. Kiende alisoma. Kithaka alikaa macho yamefumbwa hata baada ya yeye kunyamaza.

"Hii sauti ninaijua," alisema.

Moyo wa Kiende ulijaa. Hatimaye mtu mmoja amemtambua. "Ni mimi husema saa kule Redio Thingithu," alisema. "Ile ya umefika wapi. Mimi ndiye niliirekodi nikiwa attachment, ile ya mafunzo ya kazini."

Kithaka alifumbua macho. "Sisi tunaisikianga hata hapa, tukishika stesheni yao. Ni wewe?"

"Ni mimi. Muulize Nelius, ndiye alinirekodi."

Hilo ndilo kosa alilofanya, kama kumwamini mtu ni kosa. Kithaka alikuwa akimfahamu Nelius, watu wa redio hufahamiana. Akampigia simu pale pale, akaiweka mezani katikati yao, sauti ikiwa juu. Walisalimiana, wakaulizana hali za watoto. Kisha Kithaka akasema, "Niko na msichana hapa anaitwa Kiende. Anasema ile sauti yenu ya saa ni yake."

Kiende alisikia mlango ukifungwa upande wa pili, akajua ni ule wa studio yenye trei za mayai.

"Kiende," Nelius alisema polepole. "Huyo alikuwa anatuletea chai. Ndugu yangu, hiyo ni sauti yangu. Watu hapa wote wanajua. Mbaabu hata aliniongeza mshahara juu ya hiyo kitu. Hawa wasichana wananiiga tu, nimezoea."

Kiende aliinamia simu. "Madam, niko hapa nakusikia," alisema. "Ni mimi, mwanao."

"Kiende gani?" Nelius aliuliza, na laini ikakatika.

Msichana yule alisimama. Hakujua afanye nini isipokuwa kusema yale maneno, basi akayasema mbele ya Kithaka, bila maikrofoni. Saa moja imefika. Wewe umefika wapi? Aliyasema vizuri kuliko alivyowahi kuyasema, maana mara hii alikuwa akiuliza kweli.

Kithaka alitikisa kichwa, na ni wazi alimhurumia. "Unaiga vizuri sana," alisema. "Lakini, dada, mtu asiyejua kazi tunaweza kumfundisha. Mwongo hatumtaki."

Kuibiwa kunauma. Ila kuitwa mwizi wa kitu chako mwenyewe na yule yule aliyekikuza, huko ni kuuma kwingine ambako mwandishi huyu hana jina lake. Kiende alifika nyumbani na gauni lake la kanisani, akakaa jikoni kwenye kigoda, akamweleza mamake kila kitu tangu mwanzo.

Ntinyari alisikiliza akichambua maharagwe. Alipomaliza kusikiliza aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Kwa hivyo ile Jumapili nilikuwa nashukuru kwa nini?"

Swali hilo ndilo lililomuumiza Kiende kuliko Embu.

Lakini Ntinyari hakuwa mtu wa kuketi na uchungu wake. Redio Thingithu ilikuwa na kipindi cha salamu, ambapo wasikilizaji hupiga simu kusalimia jamaa zao, na mwendeshaji wake alikuwa Nelius. Ntinyari aliwaambia wanawake wa kanisa ukweli wote, pamoja na aibu yake. Walioudhika waliudhika, mmoja akaulizia jogoo wake aliyemtoa wakati wa kuchanga karo, na wengine wakatoa simu zao. Siku iliyofuata walikusanyika chini ya paa la kanisa na kupiga wote kwa pamoja hadi mmoja akapenya, akampa Ntinyari simu.

"Naitwa Ntinyari, mama wa Kiende, kutoka Muthara," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye redio iliyokuwa dirishani. "Namsalimia mtoto wangu Kiende. Ndiye anawatajia saa. Na hayo maneno ni yangu, nimewaamsha watoto wangu nayo tangu wazaliwe."

"Asante, mama," Nelius alisema kwa ile sauti yake tamu. "Naona laini ina shida kidogo." Wimbo ukawekwa.

Mwingine akapenya, akamsalimia Kiende anayetaja saa. Mwingine tena. Nelius akamaliza kipindi mapema. Kule kanisani wanawake walipigiana makofi, na kwa mara ya kwanza tangu Embu, Kiende akacheka.

Walisubiri kuona watu wa redio watafanya nini. Kiende alishika simu yake kila ilipolia, kwa sababu hata wakati huo, Mungu amsamehe, alikuwa bado akingoja kuitwa. Hawakumwita. Wiki iliyofuata mama na mtoto walikuwa jikoni, na redio ikasema, "Saa moja imefika. Wewe umefika wapi?" Ilikuwa sauti ya msichana mwingine, changa, yenye kutabasamu, inayokaa mbali kidogo na maikrofoni. Walikuwa wamemtoa Kiende. Maneno walibaki nayo.

Hakuomba tena kazi ya redio. Leo ana duka la mayai na unga pale Muthara, na trei tupu zimepangwa nyuma yake hadi dari. Ana binti, Mukiri, anayesoma shule ya chekechea. Vijana wakija kumwomba awe mshereheshaji wa harusi, hukataa kwa upole, na hajawahi kueleza sababu.

Asubuhi moja ya hivi karibuni, Ntinyari, ambaye sasa hukama taratibu, alimaliza kazi akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha mjukuu wake. Kiende alikuwa uani akifunga mayai. Alimsikia mamake akisema, "Saa moja imefika. Wewe umefika wapi?"

Chini ya blanketi Mukiri alicheka. "Shosho," alisema, "wewe unapenda kuiga redio."

Ntinyari aliangalia uani, akaona Kiende amesikia.

"Amka tu," alimwambia mtoto. Na tangu siku hiyo humwamsha kwa maneno hayo mawili.