Namba ya Profesa Dobrinov

Ognyan Kalchev amezeeka akitikisa namba. Ndiyo kazi yake hapa hospitalini kwetu Plovdiv: ana modeli ya hesabu inayokadiria gentamisini, dawa ya kuua bakteria, itakaa kiasi gani mwilini mwa mgonjwa, na kila mwaka huipandisha namba moja kidogo, huishusha nyingine, aone ipi ikiguswa inavuruga jibu. Dawa hiyo ikizidi inaua masikio, kwa hiyo si mchezo. Namba ziko kumi na saba. Yeye hutikisa kumi na sita.

Ya kumi na saba ni kasi ya figo kuichuja dawa. Aliipima mwalimu wake, Profesa Strahil Dobrinov, kwa wanajeshi vijana, enzi za Wakomunisti. Kalchev aliona kuigusa ni kumvunjia mzee heshima.

"Dokta, hii mbona huigusi?" nilimuuliza. Mimi ni mfamasia wa wodi, dozi zake zote hupitia kwangu.

"Hiyo ni ya Profesa, Zlatina."

"Kwani figo za wale vikongwe wetu zinamjua Profesa?"

"Wewe hesabu chupa zako, mama."

Akaandika kwamba modeli ni imara, akapewa cheti, tukala banitsa yake, andazi la jibini, tukanyamaza.

Machi iliyopita akalazwa Profesa mwenyewe, miaka themanini na minne, ana maambukizi ya damu. Kalchev alimpigia hesabu kwa mkono wake, machozi yakimlengalenga. Nilipoiona dozi nikapanda ngazi mbio.

"Hii dozi ya kuruta, Dokta. Tumpunguzie, tumpime damu kwanza."

"Unataka nimwambie namba yake mbovu? Mtu yuko kitandani?"

"Mwambie sasa, angali anasikia."

Hakumwambia. Na mimi, niseme ukweli, dawa niliitoa, maana yeye ni mkubwa wangu. Hasira ninayo mpaka leo, na nusu yake ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Maambukizi yaliisha. Profesa akatoka hospitalini kiziwi kabisa.

Mwezi wa sita Kalchev akaitikisa ile ya kumi na saba, na jibu lote likaporomoka. Aliisoma ripoti mbele ya kitivo kizima, kosa la mwalimu wake akalitaja kwa jina, kwa sauti kubwa, bila kigugumizi, kwa ujasiri ambao sijapata kumwona nao. Mzee alikuwa mstari wa mbele, anamtazama mwanafunzi wake na kutabasamu. Alipoona mdomo wa Kalchev umefungwa, yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi.