Makande Juu ya Mtungi Mdogo

Mdogo wangu, sina mvi za kukuita mwanangu, lakini unahamia chumba chako Same mjini na utajipikia mwenyewe, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Nakumbuka asubuhi moja kule Vudee, nikiwa likizo ya chuo. Nilikuwa nimempelekea shangazi mtungi mdogo wa gesi, ule ambao jiko hukaa juu yake. Nilichoka kumsikia akikohoa kwa moshi. Siku hiyo ilikuwa ya msaragambo, watu wote wanazibua mfereji pamoja, na zamu ya kuwapikia makande ilikuwa yake.

"Sufuria hii imezoea mafiga," akaniambia. "Hako kamtungi kako ni ka chai."

"Shangazi, hiyo ni hofu tu. Umeshawahi kujaribu?"

"Haya, msomi. Tubandikie."

Nikabandika sufuria ya watu wote juu ya ule mtungi mdogo, kwenye sakafu ya udongo isiyo sawa, kisha nikatoka kutafuta mtandao. Shangazi alipoingiza mwiko kukoroga, mtungi ukalala. Makande yanayochemka yakamwagika mguuni pake.

Nilisikia yowe lake, nikakimbia nikafunga gesi. Jirani akaja na dawa ya meno, nami ninayehoji kila kitu, hata sala ya kabla ya kula, hilo sikulihoji. Nikampaka. Kwenye zahanati nesi alilazimika kuiosha yote, shangazi akiuma khanga kwa maumivu.

"Nani kampaka hii?" nesi akauliza. Nikatazama ukutani.

Jioni watu wa mfereji walikuja kumpa pole. Mguu ulikuwa umefungwa bandeji hadi juu ya kifundo.

"Nilijikwaa," shangazi akawaambia. "Uzee huu, jamani."

Wakaanza kumtania kwamba amewalaza njaa. Alikuwa ananisitiri, na kila walipocheka nilitamani sakafu inimeze. Mwisho nikashindwa.

"Hakujikwaa. Aliniambia mtungi ni mdogo, nikambishia. Na dawa ya meno nilimpaka mimi."

Kisha mzee mmoja akasema, "Basi kesho jembe lake utalishika wewe. Na chakula utakuja nacho kimeshapikwa, kwenye mafiga."

Nilikwenda. Hakuna aliyenisema tena, na hilo liliniuma kuliko kusemwa.

Sasa sikia, mdogo wangu. Jiko la juu ya mtungi ni la sufuria ndogo, na liwe mahali palipo sawa. Usitoke nje ukaacha moto unawaka, hata kama simu inaita. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa muda mrefu, kama dakika ishirini, halafu nenda zahanati. Usipake dawa ya meno, siagi wala unga, hata akuletee mtu anayekupenda. Na mwenye jiko akikuonya, muulize kwa nini, kisha umsubiri akujibu. Mimi niliuliza ili nishinde.

Mungu akulinde na moto wa jikoni kwako, na kila utakayempikia ale, ashibe, aondoke salama kama alivyokuja.